Samaki wa Halali kwa Njia Isiyokuwa Halali

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kila kilicho hai kitokane na maji, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa yetu ya hapa Nairobi, ambayo wengi wa wanaoihudhuria ni watu wa pwani waliokuja mjini kwa kazi na biashara, yaliulizwa maswali mawili baada ya sala ya Isha, nasi tuliona si vema majawabu yake yakabaki baina ya kuta nne za msikiti. Tumeyaandika hapa ili ndugu zetu walioko Mombasa, Malindi, Lamu na kwengineko wayasome, kwani jambo lenyewe lawahusu wao zaidi kuliko linavyotuhusu sisi wa bara.

Swali la kwanza liliulizwa na kijana mmoja ambaye asili yake ni ya pwani na makao yake ni Kawangware, upande wa magharibi wa mji. Alieleza kwamba yeye na wenzake hutoka siku za mapumziko kwenda kuvua katika vijito na mabwawa ya upande wa Ngong na Mbagathi. Ilipoanza mvua ya masika walikuta kambare wamepanda kutoka mtoni hadi penye majani yaliyofunikwa na maji, maji yasiyopita magoti, nao wamejazana hata mtu aweza kuwapiga kwa panga. Wakawapiga, wakajaza magunia mawili. Walipowapasua waliona wengi wao matumbo yamejaa mayai. Mzee mmoja wa mahali pale alipita akawaambia, "Wanangu, hawa walikuja kuzaa." Kijana akamjibu kuwa samaki ni halali ya Mwenyezi Mungu na wala hana msimu. Mzee akanyamaza akaenda zake. Lakini moyo wa kijana haukutulia, ndipo akaja kutuuliza: "Sheikh, je, nimekosa au sikukosa?"

Swali la pili likatoka kwa ndugu mwenye meza ya samaki katikati ya mji. Yeye huletewa samaki kutoka ziwani usiku, na mara nyingine huwaona ni wadogo mno, au huletewa katika miezi ambayo uvuvi wa samaki wale umefungwa. Akauliza: "Mimi sikuvua. Nanunua na kuuza tu. Je, chumo langu lina ila?"

Twataka kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwani shina lake ni moja.

SAMAKI MWENYEWE NA KITENDO CHA KUMVUA

Hapana Mwislamu asiyejua kwamba mavuo ya majini ni halali. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia jambo hilo waziwazi katika Suratul Maida, na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa juu ya bahari alitufahamisha kuwa maji yake ni twahara na maiti wake ni halali. Basi hatusemi kwamba kambare mwenye mayai amegeuka mzoga, wala hatusemi kwamba omena aliyevuliwa mwezi wa Mei ni najisi. Atakayesema hivyo atakuwa ameharimisha alichohalalisha Mola wake, na hilo ni kosa kubwa kuliko la mvuvi.

Lakini ndugu zetu wengi huchanganya mambo mawili. Wao huona kwamba kitu kikiwa halali, basi kila njia ya kukipata ni halali, na kila wakati wa kukichukua ni halali. Huko ni kutofahamu. Embe ni halali, na embe la shamba la jirani lililochumwa usiku ni wizi. Biashara ni halali, na baada ya kuadhiniwa sala ya Ijumaa tumeamrishwa tuiache. Hata aya hiyo hiyo ya Suratul Maida ambayo kijana wetu aliifanya ni hoja yake, ukiisoma mpaka mwisho utaona imetaja kwamba mawindo ya nchi kavu ni haramu kwa mtu aliye katika ihramu. Paa ni yule yule aliyekuwa halali jana, na atakuwa halali tena baada ya siku chache, lakini wakati umemharimisha kuwindwa. Basi sharia yetu yajua kwamba kilicho halali chaweza kuzuiwa kwa muda kwa sababu ya hekima.

Pengine mtu atasema, "Aya hiyo imezuia mawindo ya nchi kavu na ikayaacha ya majini." Ni kweli, nasi hatukusema kwamba aya imeweka msimu wa samaki. Tunalolisema ni kwamba haifai kuishika aya hiyo na kuifanya ni ruhusa ya kuvua wakati wowote na kwa njia yoyote, hata kama kuna madhara, ilhali Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kudhuriana.

WATU WA MJI ULIOKUWA KANDO YA BAHARI

Katika Suratul A'raf tumesimuliwa kisa cha mji uliokuwa kando ya bahari, na watoto wetu wote wa vyuoni wamekisikia. Watu wa mji ule walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Ikawa siku hiyo waliyokatazwa samaki huwajia juu juu ya maji, waonekana kwa macho, na siku zisizokuwa hiyo hawaji. Wafasiri wametueleza hila waliyoifanya baadhi yao: walitega nyavu na kuchimba vidimbwi siku ya Ijumaa, samaki wakanaswa Jumamosi, nao wakaja kuwatoa Jumapili, huku wakisema kwamba siku iliyokatazwa hawakuvua.

Watu wa mji wakawa mafungu matatu. Fungu moja lilivua kwa hila. Fungu la pili liliwakanya. Fungu la tatu halikuvua, lakini liliwauliza wale wenye kukanya faida ya kuwaonya watu ambao Mwenyezi Mungu atawaangamiza. Wale wenye kukanya wakajibu kwamba wafanya hivyo ili wawe na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wenzao wakaogopa. Ilipofika adhabu, waliokoka wale waliokuwa wakikanya na wakashikwa waliodhulumu. Ama fungu la tatu, aya imelinyamazia, na wanazuoni wakakhitalifiana juu ya mwisho wao.

Twaomba msomaji aangalie jambo moja katika kisa hiki. Mtihani wa watu wale haukuwa wa njaa. Ulikuwa ni mtihani wa wingi, kwani samaki waliwajia wakati walipokatazwa, nao ndio wakati wepesi kabisa wa kuwapata. Na hivi ndivyo walivyo samaki wa mitoni hata leo. Wakati wanaopatikana kwa wepesi kuliko wakati wote ni ule wanapokuja kuzaa, na huo ndio wakati ambao kuwavua kwaleta madhara makubwa kuliko wakati wote.

JINSI SAMAKI WA MITO WANAVYOZAA

Yafaa tuwajue viumbe hawa, kwani kufikiri juu ya viumbe vya Mwenyezi Mungu ni ibada.

Kambare hukaa mtoni au bwawani muda wa ukame akingojea mvua. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakifurika penye majani, hupanda usiku, majike kwa madume, wakataga mayai yao juu ya majani yale yaliyozama. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili, kulingana na joto la maji. Wazazi hurudi mtoni, na vifaranga hubaki katika maji yale madogo mpaka wapate nguvu. Basi anayesimama na panga katika majani yale amekingama katika mlango wa pekee wa kizazi kile. Akimpiga jike mmoja aliyejaa, hakuua samaki mmoja. Ameondoa na maelfu ya mayai aliyoyabeba.

Ngege naye ana mambo ya ajabu zaidi. Dume huchimba shimo katika mchanga, jike hutaga humo, kisha huyatia mayai kinywani mwake na kuyachukua humo mpaka yaanguliwe. Hata vifaranga wakiisha kuanza kuogelea, wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Muda wote huo mama hali, au hula kidogo sana. Mvuvi anayemkuta jike wa namna hii akamtupa kapuni, watoto wamwagika kinywani mwake juu ya mchanga.

Imepokewa katika Sunan za Abu Daud kwamba masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakachukua makinda mawili ya ndege mdogo. Mama yake akaja akawa anapigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha arudishiwe. Ndege yule alikuwa halali kuliwa, na makinda yake kadhalika, wala hakuna aliyesema kuwa ni haramu. Lakini palikuwa na uzazi, na Mtume wetu aliuheshimu uzazi ule.

HABARI YA NINGU

Wako watakaosema kwamba samaki hawamaliziki, na kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku. Hakika Yeye ndiye mwenye kuruzuku, na katika mpango wake wa kuruzuku ameweka sababu. Aliyekula mbegu zake zote hawezi kumlaumu Mola wake kwa shamba tupu.

Mfano ulio karibu nasi ni wa samaki aitwaye ningu wa Ziwa Victoria. Samaki huyu huishi ziwani, na mvua zinyeshapo hupanda mitoni kutaga: Nzoia, Yala, Sondu, Kuja, na mito mingine ya upande wa Uganda na Tanzania. Wazee wa kandokando ya mito hiyo walikuwa wakimvua tangu zamani kwa nyuzio na mitego ya matete, na naye hakuisha. Kisha zikaja nyavu za viwandani. Watu wakazitega midomoni mwa mito wakati ningu anapopanda na matumbo yamejaa, msimu baada ya msimu. Ilipofika miaka ya 1950 mavuo ya ningu yalikuwa yameanguka vibaya, naye hata leo hajarudi kuwa kama alivyokuwa. Na msomaji asidhani kwamba aliyemmaliza ni mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, kwa kuwa mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na wingi wake ulidhihiri katika miaka ya 1980. Ningu alikuwa amekwisha kupungua kabla ya hapo, na sababu yake kubwa ni nyavu za midomoni mwa mito.

Wala haikuwa kwamba watu hawakuonywa juu ya uvuvi wa kupita kiasi. Baina ya mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa lile, akaona kwamba ngege wapungua kwa kuvuliwa mno, akashauri nyavu za kuvulia ngege zisiwe na matundu madogo kuliko inchi 5. Walioonya walikuwako, na waliosikia walikuwa wachache. Ni yale yale ya watu wa mji wa kando ya bahari.

AMRI YA SERIKALI

Hapa lilizuka jambo katika darasa. Ndugu mmoja akasema, "Amri za kufunga uvuvi ni za Serikali, na Serikali si ya Kiislamu. Kwa nini zitufunge katika dini yetu?"

Kwanza twakiri kwamba maneno haya yana chanzo chake. Katika siku za ukoloni sheria za samaki wa mito ya bara zilionekana kuwa ni za kulinda starehe ya mabwana. Mwaka 1905 samaki aitwaye trauti aliletwa kutoka Uskoti akatiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua, ili walowezi wapate wa kumvua kwa mchezo kama walivyozoea kwao. Mwananchi aliyeona samaki wa mgeni akilindwa kwa leseni na askari, si ajabu akaichukia sheria yenyewe. Lakini ukoloni ulikwisha mwaka 1963, na samaki wanaolindwa leo kwa msimu na kipimo cha wavu ndio wanaoliwa na maskini. Chuki ya zamani isitufanye tubomoe nyumba yetu wenyewe.

Pili, kulinda kitu cha watu wote kwa maslaha ya watu wote si uzushi wa Wazungu. Mtume wetu (S.A.W.) alilihifadhi bonde la Naqi', na Sayyidna Umar (R.A.) akahifadhi Rabadha na Sharaf, malisho yakawekwa yasilishwe na kila mtu apendavyo. Na Madina yenyewe Mtume aliifanya takatifu, mnyama wake asiwindwe na mti wake usikatwe. Wanazuoni wetu wameweka msingi kwamba amri ya mtawala juu ya raia hutazamwa kwa maslaha. Basi amri isiyotuamrisha maasia, nayo ina maslaha yaliyo wazi, kuifuata ni wajibu, hata kama aliyeitoa si Mwislamu. Hapana asemaye kwamba Mwislamu aweza kuipita taa nyekundu ya barabarani kwa kuwa aliyeiweka hasali.

Tatu, anayechukua leseni ya kuvua ameingia katika ahadi, na ahadi itaulizwa.

Basi wajue ndugu zetu kwamba Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 imekataza hapa Kenya kuvua kwa sumu, kwa baruti na kwa umeme, na imetoa uwezo wa kufunga uvuvi kwa msimu. Kwa miaka mingi uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria umekuwa ukifungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai. Nchi tatu zenye ziwa ziliafikiana kwamba mbuta aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, kwani hajapata kuzaa. Na ndugu zetu wa Malindi na Kipini wanajua kwamba hata merikebu za kukokota kamba katika ghuba ya Ungwana ziliwekewa miezi ya kutovua. Haya yote ni jambo moja: kumwacha mzazi azae na mtoto akue.

HILA ZETU NA UGANGA WETU

Lakini sisi tumezirithi hila za Jumamosi. Mwingine hutega wavu usiku kabla ya msimu kufungwa na kuutoa baadaye, akasema, "Niliutega wakati wa ruhusa." Mwingine hukata chandarua alichopewa kumkinga mtoto wake na mbu, akakiburura kijitoni na kukusanya vifaranga visivyofika urefu wa kidole, akasema, "Hiki si wavu." Mwingine hutia utupa majini, maji yakalewesha kila kilichomo, kikubwa na kidogo, akachukua kumi na kuacha mia wakioza.

Na jambo lituumizalo zaidi ni hili. Samaki wakiisha kupungua, badala ya kutazama nyavu zetu twatafuta mganga. Watu huchangishana, huchinjwa mbuzi ufukoni, damu ikamwagwa majini, pakasomwa maneno yasiyojulikana maana yake, na wakaambiwa kwamba wenye bahari walikasirika na sasa wameridhika. Ndugu zetu, bahari na mito haina mwenyewe ila Mwenyezi Mungu. Kumchinjia asiyekuwa Yeye ni shirki, na haimwongezi samaki hata mmoja. Katika Suratur Rum tumeambiwa kwamba ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Basi dawa yake ni kuiosha mikono hiyo na kutubia, si kumwaga damu ya mbuzi.

Wazee wetu wa pwani, bila ya elimu ya vyuo vikubwa, walikuwa na mapumziko yao. Upepo wa kusi ulipovuma kwa nguvu, ngalawa zilipandishwa pwani, watu wakashona matanga na kusuka madema, na bahari ikapumzika. Leo mashine yashinda upepo, na tusipoipumzisha bahari kwa hiari yetu haitapumzishwa na kitu.

MNUNUZI NA MUUZAJI WA MJINI

Sasa twamjibu ndugu mwenye meza ya samaki. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika mwanzo wa Suratul Maida tusaidiane katika wema na ucha Mungu, na tusisaidiane katika dhambi na uadui. Mvuvi wa ziwani hatoki usiku katika msimu uliofungwa kwa kupenda baridi. Hutoka kwa kuwa yuko mtu Nairobi anayemngojea na fedha mkononi. Gari hufika Gikomba kabla ya alfajiri, samaki hugawanywa, na kabla ya adhuhuri amekwisha kufika katika masoko ya mjini, na katika vikaango vya Kangemi na Kawangware, na katika majiko ya nyumba za Lavington na Karen, ambako mwenye nyumba hajui wala haulizi.

Basi wewe unayejua kwamba samaki huyu ametoka katika uvuvi uliokatazwa, ukamnunua ili umuuze, umeshiriki. Nyama yake si haramu, lakini umesaidia dhambi, na baraka ya chumo hilo twaichelea. Usiyejua huna lawama, wala hatukulazimishi kuwapeleleza watu. Ila pale ambapo samaki mwenyewe ni ushahidi, kwa udogo wake au kwa miezi yake, kusema "sikujua" hakufai. Na wewe mama wa nyumba unayemwambia mchuuzi akutafutie wenye mayai kwa kuwa ni watamu, jizuie katika miezi ya uzazi, kwani agizo lako lamfikia mvuvi.

UVUVI WA NDOANA NA UVUVI WA MCHEZO

Kijana wetu aliuliza pia juu ya watu wanaotoka mjini siku za mapumziko na fito zao kwenda kwenye mito ya milimani, humkamata samaki kwa ndoana, wakampima, wakampiga picha, kisha wakamrudisha majini. Je, hilo lafaa?

Twasema kwamba uvuvi wa ndoana ni katika uvuvi ulio mzuri. Humchukua mmoja mmoja, na mvuvi aweza kumtazama aliyemkamata na kumrudisha asiyefaa kuchukuliwa. Anayevua ili ale, au alishe watu wake, au auze, akachukua kiasi cha haja yake, huyo yuko katika halali iliyo safi. Anayemrudisha samaki kwa kuwa ni mdogo au ana mayai amefanya wema, na amrudishe kwa upole: alowanishe mikono kabla ya kumshika, asimbane tumbo, asimkalishe nje ya maji akishindana na roho, na atumie ndoana ambayo kile kijino chake kimebanwa ili itoke bila ya kuchana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, hata katika kuchinja.

Ama mtu anayeshinda kutwa akiwatoboa midomo viumbe wenye roho na kuwarudisha, naye hana haja na hata mmoja wao ila kufurahi kwa mahangaiko yao, huyo hatuoni kwamba ana hoja. Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha, na imepokewa onyo kwa anayemuua shomoro kwa upuuzi bila ya manufaa. Samaki hana sauti ya kulia, lakini Muumba wake amsikia.

MTO MMOJA

Huenda ndugu wa Malindi akasema, "Haya ni ya Nairobi." Hebu na atazame njia ya maji. Mto Nairobi huanzia katika bwawa la matete la Ondiri huko Kikuyu, ukapita Dagoretti na Kawangware, ukakatiza mjini chini ya madaraja ambayo juu yake watu hupita maelfu kwa maelfu, ukaenda kukutana na Athi. Mbagathi nao ndio huo huo Athi. Kisha maji hayo hushuka, yakakutana na mto Tsavo, yakaitwa Galana, na mwisho yakaitwa Sabaki, yakaingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Taka zinazotiwa mtoni Kawangware na Gikomba zimo katika maji hayo. Mikunga wa maji baridi huizunguka njia hii kinyume na wengine: huzaliwa baharini, hupanda mtoni wakiwa wadogo, na wakikomaa hurudi baharini kuzaa. Anayeua kijito huku juu amedhulumu wa chini asiyemjua. Na kuyajaza maji ya mji uchafu hata yai lisiweze kuanguliwa humo ni kuvua bila ya wavu, na dhambi yake twaishiriki wengi.

YATUPASAYO

Basi kwa ufupi twawausia ndugu zetu mambo haya.

Kwanza, mvuvi aiache mito na vijito wakati samaki wanapopanda kutaga, ijapokuwa hapana askari amwonaye, kwani ucha Mungu ni pale pasipo askari.

Pili, asitumie chandarua, wala utupa, wala sumu, wala baruti, wala wavu uliokatazwa.

Tatu, mwenye kuuza aseme wazi kwa wanaomletea kwamba samaki wa msimu uliofungwa hanunui. Wakisema hivyo watu kumi katika soko moja, gari litarudi limejaa.

Nne, anayeona akanye kwa maneno mazuri, asiwe katika fungu la tatu.

Tano, na hili ndilo zito: wenye uwezo wasimkanye mvuvi maskini kisha wakamwacha na njaa yake. Miezi ya kufungwa ni miezi ya dhiki kwa watu ambao chakula chao cha leo ni mavuo ya leo. Mwenye njaa ya kweli ana hukumu ya dharura kwa kadiri ya dharura yake, wala hatumlinganishi na mwenye kujaza magunia. Wako katika wavuvi wenye kustahiki zaka, na kuna sadaka, na kuna mkopo usio na riba. Jamaa ya msikiti ikiwekea miezi hiyo akiba ya unga na mafuta, itakuwa imezuia dhambi nyingi kuliko hotuba kumi. Fedha zile za mbuzi wa kafara ziende huko.

Ama wewe kijana uliyeuliza, jawabu letu ni kwamba umekosa, na kuja kwako kuuliza ni dalili ya kheri. Hukula haramu, lakini umeharibu uzazi na umechukua kupita haja yako, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye israfu. Samaki wale hawarudi. Toba yako ni kuliacha jambo hilo, kuazimia usilirejee, na kurudi kwa wenzako uliokuwa nao uwaambie. Na ukimwona yule mzee, umwombe radhi, kwani alikuambia neno la haki nawe ukamjibu kwa aya usiyoifahamu. Kijana alituambia kwamba atakwenda. Juma lililofuata alikuja darasani, akasema amekwenda mara mbili na mzee hakumkuta, na kwamba atakwenda tena.

Mwenyezi Mungu atujaalie ni wenye kusikia maneno tukafuata yaliyo mema, na atubarikie katika bara yetu na bahari yetu. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.